Je, Maada Yaweza Kufikiri?

Ndugu msomaji, katika miji yetu ya pwani kuna ugomvi usiosikika sokoni wala msikitini, bali husikika ndani ya nyumba, baina ya mzazi na mwanawe. Kijana hurudi kutoka skuli au chuo kikuu akasema kwamba amefundishwa kuwa fikra za mtu hutokana na ubongo wake. Kwamba ubongo ukipata dhara, akili nayo huharibika. Na kwamba katika masomo hayo yote waalimu wake hawakutaja roho hata mara moja. Mzazi akisikia hayo hushtuka, akamwambia, "Mwanangu, maneno hayo ni kufuru." Kijana naye, akijua kwamba aliyoyaona vitabuni na hospitali si uwongo, hunyamaza kwa adabu, lakini moyoni mwake huamua kwamba dini na ilimu zimeachana njia, na kwamba yeye hana budi kuchagua moja. Mzazi hakukusudia illa kuilinda imani ya mwanawe, naye ndiye aliyeitikisa kwa mara ya kwanza.

Hatuyasemi haya ili kumlaumu mzazi, kwani khofu yake ina asili. Twataka kuuliza jambo moja tu: je, ni kweli kwamba imani ya akhera na hisabu imesimama juu ya neno hili, kuwa kitu chenye mwili hakiwezi kabisa kufikiri? Likivunjika neno hili, je, imani nayo huvunjika? Swali si geni. Kule Ulaya wenye hekima walilishindania kwa zaidi ya miaka 130, na wengi wao walikuwa watu wa dini yao, si wakanushaji. Atakayeutazama mjadala wao kwa insafu ataona ni wapi walipopotea njia, na ni wapi waliposema neno la haki ambalo wanavyuoni wetu walikwisha kulisema kabla yao.

Kwanza tufahamiane juu ya maneno. Tukisema maada twakusudia kila kitu kinachojaza mahali, kinachoweza kupimwa, kukatwa na kusukumwa: jiwe, maji, mti, nyama na mfupa. Na tukisema kufikiri twakusudia kujua, kukumbuka, kutaka, kuhisi uchungu na raha, na mtu kujitambua kuwa yeye ni yeye. Basi swali ni hili: je, kile cha kwanza chaweza kuwa na hiki cha pili?

Mwaka 1641 Mfaransa René Descartes alitoa kitabu chake cha Tafakuri kwa lugha ya Kilatini. Alisema: naweza kuutilia shaka mwili wangu, nikadhani labda ni ndoto; lakini siwezi kutilia shaka kwamba ninafikiri, kwa kuwa kule kutia shaka ndiko kufikiri kwenyewe. Kwa hivyo hakika yangu ni kitu kinachofikiri, na mwili ni kitu kingine. Msomaji aliyezoea vitabu vyetu atakumbuka mfano wa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 wa Hijria (1037), wa mtu aliyeumbwa akaachwa hewani pasi na kugusa wala kuona chochote, naye angali ajijua kwamba yuko. Descartes akavigawa vilivyoumbwa mafungu mawili: mwili, wenye urefu na upana usiofikiri, na roho, yenye kufikiri isiyo na urefu wala upana. Ama wanyama, hao aliwaweka katika fungu la mwili peke yake. Aliwaona mfano wa mitambo ya saa, wenda na kulia, wala hamna fikra ndani yao.

Mgawanyo huu uliwafurahisha wengi, kwani waliona kuwa roho imepata ngome. Lakini mwaka 1643 alitokea mwanamke mmoja, binti wa mfalme aliyeondolewa katika ufalme wake, Elisabeth wa Bohemia, naye alikuwa na umri wa miaka 24, akiishi uhamishoni Uholanzi. Alimwandikia Descartes barua ya heshima akamwuliza swali jepesi lenye uzito mkubwa: ikiwa roho haina mwili wala haigusi kitu, yawezaje kuunyanyua mkono? Kila kitu tukionacho kikisukumwa husukumwa kwa kuguswa. Descartes akajibu kwamba kuungana kwa roho na mwili ni jambo mtu alijualo kwa maisha yake ya kila siku kuliko kwa hoja. Elisabeth hakutosheka. Alimwandikia tena kwamba kwake yeye ni rahisi zaidi kuikubalia roho kuwa na mwili kuliko kukikubalia kitu kisicho mwili uwezo wa kuusukuma mwili. Hakusema hayo kwa kuichezea dini. Alisema kwa kuwa alitaka jibu, wala jibu hakulipata.

Upande mwingine alisimama Mwingereza Thomas Hobbes. Katika kitabu chake cha mwaka 1651 alisema kwamba kila kilichoko ni mwili, na kwamba kutaja kitu kilichoko kisichokuwa na mwili ni kusema maneno yanayopingana yenyewe kwa yenyewe. Na fikra, kwake, ni mwendo unaopita ndani ya mtu. Watu wa dini wakaogopa. Tangu siku hizo ikawa mtu akisema neno juu ya maada na fikra, huulizwa kwanza: wewe u upande wa Hobbes? Na hii ndiyo balaa ya kila mjadala, kwamba mtu hupimwa kwa wanaofanana naye kabla hajasikilizwa alilolisema.

Hapo ndipo alipokuja John Locke, mtu aliyesoma utabibu Oxford, na mcha Mungu kwa namna ya dini yake. Kitabu chake kikubwa juu ya akili ya binadamu kilitolewa kwa tarehe ya mwaka 1690. Katika sehemu ya nne ya kitabu hicho, mlango wa tatu, alikuwa akieleza jinsi ujuzi wetu ulivyo mfupi. Akatoa mfano: sisi twajua maada ni nini kwa kadiri yetu, na twajua kufikiri ni nini kwa kadiri yetu, lakini huenda tusijue kamwe kama kitu cha maada chaweza kufikiri au la. Kwani, alisema, si vigumu zaidi kwa akili zetu kuona kwamba Mungu akitaka aweza kuiongezea maada uwezo wa kufikiri, kuliko kuona kwamba aiongezee kitu kingine chenye uwezo huo. Vyote viwili ni vya kudra yake, na namna ya vyote viwili imefichika kwetu.

Tazama vizuri, ndugu msomaji, alisema nini na hakusema nini. Hakusema kwamba roho ni maada. Yeye mwenyewe aliona kuwa lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba roho si maada. Wala hakusema kwamba maada yaweza kufikiri kwa nafsi yake. Kinyume cha hayo, katika mlango wa kumi wa sehemu hiyo hiyo alitoa dalili kwamba maada isiyo na akili haiwezi abadan kuzaa akili kwa nafsi yake, na kwa hivyo wa mwanzo aliyeko milele hana budi kuwa Mjuzi, wala hawezi kuwa maada. Alilolikataa ni jambo moja tu: mwanadamu kumwekea Mungu mpaka akasema, "Hili Mungu hawezi." Kisha akaongeza maana ambayo yastahili kuandikwa mlangoni: kwamba mambo makubwa ya dini na tabia njema yako salama pasipo dalili za kifalsafa za kuonyesha kuwa roho haina mwili, kwa sababu yule aliyetuleta duniani tukiwa na fahamu aweza kuturudishia fahamu hiyo katika ulimwengu mwingine, atulipe kwa tuliyoyatenda.

Maneno haya machache yalizusha vumbi kubwa. Edward Stillingfleet, askofu wa Worcester, alimshambulia, wakajibizana kwa vitabu tangu mwaka 1697 mpaka askofu alipofariki mwaka 1699. Hoja ya askofu ilikuwa hii: ukikubali kwamba yawezekana maada ikafikiri, umeondoa dalili ya kuwa roho haifi, na mlango wa upotofu uko wazi. Locke akamjibu kwa hoja mbili ambazo mpaka leo zina nguvu. Kwanza, alisema, waangalie wanyama. Mbwa huhisi na hukumbuka. Ukisema kwamba kuhisi hakuwezi kuwa katika mwili hata kwa kudra ya Mungu, itakulazimu useme ama mbwa ni mtambo usiohisi kitu, na macho yetu yalikataa hilo, ama kila mnyama ana roho isiyokufa. Pili, mwangalie Newton. Yeye alionyesha kwamba jua na sayari huvutana kwa mbali, jambo ambalo hatuwezi kulitoa katika yale tuyajuayo juu ya maada. Ikiwa Mungu ametia katika maada nguvu moja tusiyoifahamu namna yake, kwa nini tukate shauri kwamba hawezi kutia nyingine?

Lakini insafu yatutaka tuusikilize na upande wa pili kwa wasemaji wake wenye nguvu, kwani mwenye kuisikiliza hoja dhaifu ya mwenziwe akaiacha ile madhubuti hakumshinda. Mwaka 1706 padri Samuel Clarke, rafiki wa Newton, aliingia katika majibizano na Anthony Collins, rafiki wa Locke wa miaka ya mwisho, wakaandikiana mpaka mwaka 1708. Clarke alisema: kila maada ni mkusanyiko wa sehemu nyingi. Uzito wa jiwe zima ni jumla ya uzito wa vipande vyake, na umbo la tufe limetokana na vipande vyenye mpindo. Lakini fahamu ni moja, haigawanyiki; mimi ninayeona ndiye mimi ninayesikia, wala si mkutano wa wengi. Basi vipi vipande visivyo na fahamu hata kidogo vikikusanywa vitoe fahamu moja? Collins akamjibu kwa mfano wa waridi: chembe moja peke yake haina nguvu ya kututia harufu, lakini zikipangika kwa namna makhsusi harufu hupatikana. Clarke akasema: harufu haimo katika waridi, imo katika wewe unusaye, umeitumia fahamu ili kuieleza fahamu.

Na Mjerumani Leibniz, katika maandishi yake ya mwaka 1714, alitoa mfano uliokuwa mashuhuri. Tuseme kuna mtambo uliotengenezwa ukaweza kufikiri na kuhisi. Tena tuukuze mpaka uwe mkubwa kama kinu cha kusagia nafaka, mtu akaweza kuingia ndani. Ataona nini? Ataona vipande vikisukumana, gurudumu likizungusha gurudumu. Hataona hata mahali pamoja kitu cha kumweleza fikra. Huu ni mfano mzito, wala hatujasikia mtu aliyeubomoa kabisa. Lakini tazama unathibitisha nini: wathibitisha kwamba hatuoni namna fikra inavyoweza kuwa katika maada. Locke hakudai kuiona namna hiyo. Yeye alisema kwamba kutoona kwetu si mpaka wa kudra ya Mungu.

Kwa nini basi neno la unyenyekevu likaja kutazamwa kama silaha ya wakanushaji? Kwa sababu lilichukuliwa na watu wengine kwa makusudio mengine. Voltaire alilipeleka Ufaransa katika barua zake juu ya Waingereza za mwaka 1734, akalisifu kwa ulimi wake wa kejeli, na mahakama ya Paris ikaamrisha kitabu kichomwe moto. Kisha tabibu La Mettrie akatoa mjini Leiden, mwishoni mwa mwaka 1747, kitabu chake kiitwacho Mtu ni Mtambo. Huyu hakusema "Mungu aweza". Alimwacha Mungu kando. Alitoa ushahidi wa utabibu: homa humfanya mtu aweweseke, kasumba humlaza, kileo humvurugia akili, na njaa humbadilisha tabia, basi mtu ni mtambo, na kwisha. Uholanzi, iliyokuwa na uhuru kuliko nchi nyingi, haikumvumilia, naye mwaka 1748 akakimbilia Berlin. Hivi ndivyo maneno ya mcha Mungu na ya asiyejali yalivyochanganywa katika masikio ya watu, yakahesabiwa kuwa neno moja.

Sasa turudi kwetu. Je, wanavyuoni wa Kiislamu walisemaje? Wako wanaodhani kwamba dini yetu imelazimisha kuamini kuwa roho si mwili kwa maana yoyote. Si hivyo. Imamu wa Haram mbili, Al-Juwayni, aliyefariki mwaka 478 wa Hijria (1085), naye ni nguzo ya madhehebu ya Shafii na ya Ashari, aliieleza roho kuwa ni mwili latifu uliochanganyika na mwili huu tuuonao. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 (1350), naye si wa madhehebu hayo, alisema katika kitabu chake juu ya Roho maneno ya karibu na hayo: kwamba ni mwili wa nuru, mwembamba, upitao ndani ya viungo. Na mwanafunzi wa Al-Juwayni, Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 (1111), alielekea upande mwingine, akaiona roho kuwa si mwili. Walikhitalifiana, wala mmoja hakumtoa mwenziwe katika dini kwa ajili ya hilo.

Na Ghazali alifanya jambo kubwa zaidi. Katika kitabu chake cha kuvunja hoja za wanafalsafa, alichokimaliza mwaka 488 (1095), masala ya kumi na nane ni juu ya dai lao kwamba akili peke yake yathibitisha kuwa nafsi ya mtu ni kitu kilichosimama peke yake kisicho mwili. Azichambua dalili zao moja baada ya moja na kuonyesha kwamba hazikati shauri. Hakuwa akilipinga dai lenyewe. Alisema wazi kwamba hilo si jambo lililo mbali na kudra ya Mungu wala sharia hailikatai. Alilopinga ni kudai kwamba akili yatosha. Zaidi ya miaka 590 baadaye Locke alisimama mahali hapo hapo. Hatusemi kwamba Locke alichukua kwa Ghazali. Twasema kwamba wacha Mungu wawili wakichunga heshima ya kudra ya Mola wao, hufika kwenye mlango mmoja.

Tena Qur'ani yenyewe, katika aya ya 85 ya Suratul Israa, ilipotaja swali la watu juu ya roho, haikuwapa maelezo ya kifalsafa; iliwajulisha kwamba roho ni katika mambo ya Mola, na kwamba ilimu tuliyopewa ni kidogo. Na katika Suratu Fussilat mna khabari ya ngozi za watu zitakazotoa ushahidi siku ya Kiyama, na wenyewe wataziuliza kwa nini zimewashuhudia, nazo zitajibu kwamba Mungu ndiye aliyezitamkisha. Ngozi ni maada. Muislamu anayeamini kwamba ngozi itashuhudia, atapataje ujasiri wa kusema kwamba kuipa nyama fahamu ni muhali kwa aliyeiumba? Atakayesema kwamba kutamka si kufikiri tutamkubalia kuwa hapo pana tofauti. Lakini atakuwa amekwisha kukubali kwamba mpaka hauwekwi na sisi.

Na mafakihi nao tangu zamani wamelijua lile ambalo La Mettrie aliliona kuwa ni jipya. Kwa nini ulevi umeharamishwa? Kwa kuwa huifunika akili. Ulevi ni maji yanayomiminwa kikombeni. Basi kila mwanafunzi wa chuoni ajua kwamba kitu cha maada chaweza kuigusa akili. Na kalamu imeondolewa kwa mtoto mpaka abaleghe, kwa aliyelala mpaka aamke, na kwa mwendawazimu mpaka apate akili yake. Sharia haikumwuliza mtu akili yake imetengenezwa kwa nini. Ilimwuliza kama anayo. Tabibu yule alitoka katika ushahidi wa kileo akaingia katika kauli kwamba mtu ni mtambo tu. Mafakihi wetu walitoka katika ushahidi huo huo wakaingia katika kauli kwamba akili ni amana, nayo yapasa kulindwa. Ushahidi ni mmoja. Hukumu ndiyo iliyotofautiana.

Khatima ya mjadala ule ina mfano mwema. Joseph Priestley, mhubiri wa Kikristo na mtaalamu aliyeigundua hewa ya oksijeni mwaka 1774, alitoa mwaka 1777 kitabu akasema waziwazi lile ambalo Locke alilisema kuwa lawezekana tu: kwamba mtu wote ni maada, na fikra ni kazi ya ubongo. Je, aliacha imani ya akhera? La. Alisema kwamba tumaini letu halimo katika roho isiyokufa kwa tabia yake, bali limo katika ahadi ya Mungu ya kuwafufua wafu. Rafiki yake Richard Price, mhubiri vilevile, alimkhalifu kabisa, akaona kwamba roho si maada. Walifanya nini? Waliandikiana hoja na majibu, kisha mwaka 1778 wakazitoa zote katika kitabu kimoja, msomaji apime mwenyewe. Na urafiki wao ukabaki. Sisi hatukubali yote aliyoyasema Priestley, kwani kwetu sisi roho ni jambo lililothibiti kwa khabari za dini. Lakini adabu yao katika khitilafu ni adabu ambayo sisi tuliifundishwa kabla yao, nasi leo twaipoteza.

Na ilimu ya leo imezidisha nini? Imezidisha mengi katika kuonyesha mafungamano. Mwaka 1861 tabibu Mfaransa Paul Broca alionyesha kwamba dhara katika mahali makhsusi pa ubongo huondoa uwezo wa kusema, hali mgonjwa angali afahamu mengi ya anayoambiwa. Na waliouguza jamaa zao wenye kiharusi wamelishuhudia jambo hilo majumbani. Leo yakadiriwa kuwa ubongo wa mtu una seli za fahamu bilioni 86. Lakini namna gani seli hizo, zikipelekeana umeme na kemikali, huwa ni uchungu wa mama au kumbukumbu ya marehemu, hilo bado halijaelezwa. Kinu cha Leibniz kimeingiwa na taa kali, na mgeni angali aona magurudumu. Hata swali la kama mashine zaweza kufikiri ni swali lile lile. Mwingereza Alan Turing, alipoliandikia mwaka 1950, alitaja pingamizi ya watu wa dini kwamba kufikiri ni kazi ya roho aliyopewa mwanadamu peke yake, akajibu kwamba neno hilo lampunguzia Mungu kudra yake. Hakuwa mtu wa kutegemea hoja za dini, lakini hapo alinena kama Locke.

Basi, ewe mzazi, mwanao akikwambia kwamba ubongo ukidhurika akili hudhurika, usimwambie amekufuru. Mwambie kwamba mafakihi wamelijua hilo tangu walipoandika mlango wa ulevi na mlango wa mwendawazimu. Mwulize, badala yake, swali linalohusu imani kweli: je, waamini kwamba aliyekupa fahamu hii, kwa njia yoyote aliyoipitishia, aweza kukurudishia baada ya kufa, na kwamba utaulizwa uliitumiaje? Akisema naam, mwanao hajapotea; umshukuru Mungu, umwache asome. Neno la kumtoa mtu katika Uislamu ni zito. Halirushwi kama kokoto kwa kila aliyeleta khabari mpya kutoka skuli.

Nawe kijana, usidhani kwamba kwa kukijua chombo umekwisha kumjua mwenye chombo, wala kwamba kwa kuiona njia umemkanusha aliyeitengeneza. Aliyekufundisha ubongo hakukufundisha kwamba hakuna akhera. Kama alisema hivyo, alisema kwa ulimi wake mwenyewe, si kwa darubini yake. Tena usimdharau mzee wako kwa kuwa hakuisoma lugha uliyoisomea. Khofu yake ilikuwako kwa maaskofu waliosoma kuliko wewe na mimi, nao waliikosea dawa. Waliitegemeza nyumba ya imani kwenye nguzo waliyoitengeneza kwa mikono yao, kisha kila aliyeigusa nguzo hiyo wakamdhania aja kuivunja nyumba, ilhali nyumba ilikuwa imesimama juu ya msingi wake.

Sisi twaamini kwamba roho ipo, na kwamba hakika yake ni katika mambo ya Mola. Kutojua namna yake si aibu. Aibu ni kumwekea mpaka Asiyekuwa na mpaka, kisha kwa mpaka huo tukawafukuza watoto wetu wenyewe.

Wallahu aalam, na tawfiki hutoka kwake.